Kitunguu ni kwa chungu, maji ni kwa vumbi



Katika mikutano yetu ya sendika, kisha kumaliza mambo ya mishahara na mambo ya basi za kazi, kuna ulizo moja linalorudi kila mara: je, ni kweli kitunguu kinasafisha kifua? Wengine wanauliza kwa ajili yao wenyewe. Mama wengi wanauliza kwa ajili ya bwana anayekohoa usiku. Wamesikia sokoni, wamesikia kanisani, wamesikia ndani ya basi: "Kata kitunguu nyekundu, weka mu asali, ilale usiku, asubuhi kunywa ile maji. Vumbi yote itatoka."

Leo tunajibu kwa urefu. Jibu letu lina sehemu mbili, na tunaomba musome zote mbili. Ya kwanza: kitunguu ni chakula kizuri sana, pengine kizuri zaidi ya vile tunavyofikiri, na kuna namna ya kukichagua na kukipika ili kitusaidie. Ya pili: kitunguu hakitoi vumbi la jiwe kwenye mapafu. Hata kimoja, hata gunia nzima. Mwenye kuamini kwamba kinatoa anaweza kupoteza miezi, na miezi hiyo ni mali kubwa kuliko mushahara.

Ndani ya kitunguu kuna nini

Tuanze na kile kinachotuliza wote jikoni. Kitunguu kizima hakina harufu kali. Ukikishika, hakikuchomi macho. Ukali unazaliwa wakati kisu kinapita. Ndani ya kitunguu kuna vyumba vidogo vidogo sana. Katika sehemu moja ya chumba kuna kitu chenye sulfuri, ile wengine wanaita salfa. Katika sehemu ingine kumefungwa kimeng'enya, yaani kitu kinachochochea vingine vibadilike. Kisu kinabomoa ukuta kati yao, vinakutana, na mara moja kunatoka hewa inayopanda mpaka machoni. Hewa hiyo inagusa mishipa ya fahamu ya jicho, na jicho linajimwangia machozi ili kujisafisha. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kuna kimeng'enya cha pekee kinachotengeneza hewa hiyo ya machozi. Mbele ya hapo watu walifikiri inajitengeneza yenyewe tu.

Sisi wa migodi tunaelewa jambo hili haraka, maana tunaijua sulfuri kutoka kwa magari yanayoileta viwandani ili kutengeneza asidi. Kitunguu kinaivuta sulfuri kutoka udongoni na kujitengenezea silaha. Silaha hiyo ni kwa ajili ya wadudu na wanyama wanaotaka kukila. Haikutengenezwa kwa ajili yetu, lakini tumeizoea na tumeipenda.

Mama anayetaka kupunguza machozi afanye mambo mawili: atumie kisu chenye makali, maana kisu butu kinaponda vyumba vingi zaidi, na kama kuna frigo, aweke kitunguu humo nusu saa mbele ya kukikata. Baridi inapunguza mwendo wa kile kimeng'enya.

Sehemu kubwa ya kitunguu ni maji: katika gramu 100, karibu gramu 89 ni maji. Nguvu yake ni kidogo, kama kalori 40. Kuna vitamini C kidogo, miligramu 7 hivi, kuna potasiamu, na chumvi hakuna karibu kabisa. Kwa hiyo mtu asidanganyike: kitunguu hakishibishi mtu wa kazi ya mikono. Bukari inashibisha, maharagwe yanajenga, samaki inajenga. Kitunguu kinakuja kusindikiza.

Lakini katika ule usindikizaji kuna vitu vitatu vyenye maana. Cha kwanza ni vile vyenye sulfuri tuliyosema. Cha pili ni fruktani, aina ya sukari ambayo tumbo letu haliwezi kuivunja. Inafika mpaka utumbo mkubwa na kulisha vijidudu vyema vinavyokaa mule. Cha tatu, na ndicho wanasayansi wamekichunguza sana, kinaitwa kwersetini. Ni ndugu ya rangi za mimea, na kazi yake ni kuzuia vitu vya mwili visiharibike haraka, sawa vile rangi inavyozuia chuma kisile kutu. Kwersetini iko pia katika tofaa na katika chai. Lakini watafiti wa Uholanzi, katika miaka ya 1990, walipima na kukuta kwamba mwili unapokea kwersetini ya kitunguu vizuri kuliko ile ya tofaa, kwa sababu ya namna ilivyoshikana na sukari ndani ya kitunguu. Kwa familia zetu ni habari njema: tofaa ni tunda la bei, kitunguu kiko kila soko.

Nyekundu, manjano, nyeupe

Kwenye masoko yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunakuta sana kitunguu chekundu na kile cha ganda la manjano. Cheupe kabisa ni mara chache. Vingine vinatoka kwenye bustani za hapa, vingine vinaingia na malori ya Kasumbalesa. Wakulima wa sehemu zetu wanajua mbegu kama Red Creole, nyekundu na kali, inayokaa muda mrefu bila kuoza, na Texas Grano, ya manjano, kubwa, yenye maji mengi na tamu zaidi, lakini haivumilii kukaa.

Je, kuna tofauti kwa afya? Ndiyo. Katika gramu 100 za kitunguu kibichi chekundu kunapatikana karibu miligramu 39 za kwersetini. Ukichukua vitunguu vya kawaida bila kuchagua rangi, ni karibu miligramu 20. Cheupe kinakuwa nyuma kabisa. Tena chekundu kina antosianini, ile rangi ya zambarau inayoshika vidole; nayo ni ya jamaa moja na kwersetini. Vitunguu majani, vile vya kijani vinavyouzwa na mizizi yake, vina kwersetini kidogo kuliko chekundu.

Kwa kawaida, kitunguu kikali kina vitu vya sulfuri vingi, na kitunguu kitamu cha maji kina vichache. Kwa hiyo mama akiuliza achukue kipi, tunasema: kama bei ni moja, chukua kidogo chekundu na kikali, acha kikubwa cha maji. Kama bei si moja, chukua kile mufuko unaweza. Tofauti kati ya rangi haifai kunyima watoto dagaa.

Kuna jambo moja lisilolipisha hata franga. Kwersetini haikugawanyika sawasawa ndani ya kitunguu. Iko nyingi sana kwenye matabaka ya nje na inapungua ukienda katikati. Ganda kavu ndilo linashinda yote, lakini hatulitafuni. Watu wengi wakimenya kitunguu wanatupa ganda kavu, kisha wanatupa na tabaka nzima nene ya chini yake, eti iwe safi. Hapo wanatupa sehemu bora waliyolipia. Toa ganda kavu tu, osha, basi. Ukiona unga mweusi chini ya ganda, ni ukungu: toa lile tabaka, osha vizuri, na kama nyama ya ndani imelainika na kunuka, tupa kitunguu chote.

Kuchunga nako kuna namna. Kitunguu kinataka pahali pakavu, penye hewa, bila jua kali. Mufuko wa plastiki uliofungwa unakiozesha. Kikiota majani, si sumu. Kinaliwa, majani na chenyewe.

Kwenye mbabula

Moto unafanya nini? Vile vitu vya sulfuri havivumilii moto. Ndiyo maana kitunguu kilichopikwa kinakuwa kitamu na hakichomi. Kwersetini ni ngumu zaidi. Inavumilia kukaangwa kwa moto wa kadiri. Ukichemsha, sehemu yake inatoka na kuingia ndani ya maji. Kwa hiyo ukipika sombe, lengalenga au samaki na kitunguu, na mukala na mchuzi wake, hakuna kilichopotea. Lakini ukichemsha kitunguu na kumwaga maji, umemwaga faida. Na ukikaanga mpaka kinakuwa cheusi, umekiua, tena umepoteza mafuta na makala.

Kitunguu kibichi ndani ya kachumbari na nyanya ni kizuri pia, na kinabakisha vile vya sulfuri. Lakini si kwa kila mutu. Wenye kiungulia wanakasirishwa nacho. Wenye tumbo linalojaa hewa haraka wanasumbuliwa na zile fruktani. Mutu wa namna hiyo asijilazimishe, ati ni dawa. Chakula kinachokuumiza si chakula chako.

Kuna faida ingine ambayo tunaiona kubwa kuliko zote, na haiko ndani ya maabara. Kitunguu kikikaangwa polepole kinatoa ladha. Chungu chenye ladha hakidai chumvi nyingi, na hakidai vile vipande vya mchuzi ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linaomba mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, tukihesabu na chumvi yote iliyojificha. Samaki ya chumvi, vipande viwili vya mchuzi, na chumvi juu yake: siku moja tu familia imepita mupaka. Vitunguu viwili pahali pa kipande kimoja: huo ni mpango ambao nyumba yoyote ya kambi inaweza kuanza kesho.

Tansio: tuhesabu pamoja

Hapo tunagusa ugonjwa wa tansio, damu inayosukuma kwa nguvu kupita kiasi. Wengi wetu tunao, na wengi hawajui. Tumesikia watu wakisema: "Mimi niliacha vidonge, ninakula kitunguu." Ndugu, tuhesabu.

Mwaka 2015 watafiti wa Bonn, Ujerumani, waliwapa watu wanene kwersetini iliyotolewa kwenye maganda ya kitunguu, miligramu 162 kila siku, kwa wiki 6. Kwa wale waliokuwa na tansio, kipimo cha juu kilishuka kwa karibu alama 3 au 4. Mwaka 2016 wengine walikusanya majaribio mbalimbali ya kwersetini ya vidonge: wakakuta mushuko wa karibu alama 3, na ulionekana wazi pale watu walipomeza miligramu 500 kwa siku au zaidi.

Sasa miligramu 500 ni vitunguu vingapi? Kwa kitunguu chekundu chenye miligramu 39 katika gramu 100, ni karibu kilo moja na robo. Vitunguu 12 au 13 vya kadiri, kila siku, kwa mutu mmoja! Hakuna nyumba itakayoweza, wala tumbo litakaloweza. Na hata angeweza, angepata alama 3. Mutu mwenye 170 akishuka mpaka 167, bado yuko kwenye njia ya kupooza.

Kwa hiyo kitunguu kinasaidia kwa njia ya kupunguza chumvi, kinasaidia kidogo kwa njia ya kwersetini, na hakichukui nafasi ya kidonge cha munganga. Anayekunywa dawa ya tansio aendelee, hata siku anajisikia muzima. Tansio haiumi. Ndiyo hatari yake.

Kifua: kwa nini watu waliamini

Tufike sasa kwenye lile ulizo la kwanza. Hatutaki kucheka wazee wetu. Imani ya kitunguu na kikohozi haikutoka hewani. Asali inatuliza koo, hilo ni kweli, na ukiichanganya na maji ya kitunguu unapata kitu kinacholainisha. Kwa mafua ya kawaida, ambayo yanapona yenyewe kisha siku kadhaa, kinywaji hicho hakina ubaya kwa mutu mukubwa. (Mutoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, maana inaweza kumletea sumu ya hatari tumboni.) Tena katika miaka ya 1980, huko München, Ujerumani, wanasayansi walijaribu maji ya kitunguu juu ya wanyama wadogo wa maabara, wakaona kwamba baadhi ya vitu vya sulfuri vinazuia njia za pumzi zisijifunge sawa katika pumu. Ni jambo la maana kwa wanasayansi. Lakini mnyama wa maabara aliyepewa dawa ya kipimo, kwa pumu ya kutengenezwa, si mutoboaji wa mawe mwenye miaka 15 ya vumbi.

Tueleze njia. Kooni kuna mirija miwili. Mmoja unapeleka chakula tumboni, mwingine unapeleka hewa kwenye mapafu. Kitunguu, maziwa, asali, mafuta, vyote vinapita kwenye ule wa chakula. Vikiingia kwenye ule wa hewa, tunakabwa na kukohoa mpaka vitoke. Kwa hiyo hakuna chakula chochote kinachopita kufagia pale vumbi lilipo. Kinachofika kwenye mapafu kwa njia ya damu ni vitu vidogo sana vya chakula, na havina ufagio.

Na vumbi lenyewe? Lile tunaloliona, linalojaza pua na kubadilisha rangi ya makohozi, si lile baya zaidi. Pua na koo vinalikamata. Baya ni lile lisiloonekana, chembe ndogo mara saba au zaidi kuliko unene wa unywele. Ndani yake kuna kwartzi, jiwe gumu linaloshika madini yetu mengi. Chembe hizo zinafika mpaka mwisho kabisa, kwenye vifuko ambamo hewa inabadilishana na damu. Askari wa mwili wanakuja kuzimeza, na kwartzi inawaua. Wanakuja wengine, wanakufa pia. Pahali pa vita hiyo panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, pafu linakuwa gumu, halijai hewa tena. Huo ndio ugonjwa wa silikosi. Mara nyingi unaonekana kisha miaka 10 au zaidi. Kwa wenye vumbi jingi sana unaweza kuja haraka. Dawa ya kufuta makovu haiko, si ya kitunguu, si ya hospitali. Kama ingekuwa ndani ya kitunguu, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi la Kimataifa yasingejiwekea, tangu mwaka 1995, mpango wa kumaliza silikosi duniani mpaka 2030 kwa njia ya kuzuia vumbi. Wangegawa vitunguu tu.

Miezi inayopotea

Hatari kubwa iko hapa. Mapafu yaliyoumizwa na kwartzi yanafungulia mulango kifua kikuu. Mutu mwenye silikosi anapatwa na kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko mwingine. Na kifua kikuu, tofauti na silikosi, kinapona! Matibabu ya kawaida ni miezi 6, dawa zinatolewa bure katika inchi yetu, katika vituo vya mpango wa taifa. Lakini lazima mutu aende.

Tulikuwa na ndugu mmoja wa kazi, mutu wa kutoboa mawe. Alianza kukohoa mwanzoni mwa mvua. Nyumbani walimutengenezea maji ya kitunguu na asali, kwa mapendo yote. Kikohozi kilitulia siku tatu, kikarudi. Wakaongeza tangawizi. Kikatulia, kikarudi. Alipunguka mwili, usiku shuka linalowa jasho, wakasema ni uchovu wa posti ya usiku. Mvua ikaisha, baridi ikaja. Siku alipofika hospitali, makohozi yalionyesha kifua kikuu, na mutoto wake mudogo alikuwa ameambukizwa. Wote wawili walitunzwa na kupona. Lakini baba yule pumzi yake haikurudi yote. Leo hawezi kupanda mlima mufupi bila kusimama. Kitunguu hakikumuumiza. Kilichomuumiza ni ile miezi ambayo kitunguu kilimufanya angoje.

Kwa hiyo tuweke kanuni moja ambayo kila nyumba ya mchimbaji inaweza kuishika kwa kichwa: kikohozi kikipita wiki 2, makohozi yapimwe. Na musingoje wiki 2 kama kuna damu ndani ya makohozi, kama mutu anapunguka mwili, kama kuna jasho la usiku au pumzi inakatika. Ukifika, sema wazi: "Mimi ni mutu wa mugodi, nilifanya miaka kadhaa ndani ya vumbi." Munganga asipojua hilo, anaweza kutafuta pahali pasipo penyewe. Omba radio ya kifua. Wenye mkataba, muchunge karatasi zote.

Maziwa, kitunguu, na maji ya kumwaga

Tumesikia, mara zaidi ya moja, wakubwa wa kazi wakisema: "Lakini tunawapa maziwa." Pahali pengine ni maziwa, pahali pengine ni mufuko wa vyakula na vitunguu ndani yake. Tunapokea. Chakula hakirudishwi. Lakini tusipokee kama malipo ya vumbi. Maziwa yanapita kwenye murija ule ule wa kitunguu.

Vumbi linashindwa na maji. Mashine ya kutoboa yenye kumwaga maji kwenye jiwe, maji kwenye barabara za malori, maji pale mawe yanaposagwa, hewa safi inayosukumwa mpaka chini, chumba cha mwendesha gari kilichofungwa vizuri. Kisha hayo yote ndipo inakuja masiki, na masiki ya kweli, inayokamata chembe ndogo na inayoshika uso vizuri. Ile ya kitambaa haizuii kwartzi. Masiki yenye kujaa vumbi inabadilishwa, haipigwi mukono na kuvaliwa tena.

Hayo si kuomba sadaka. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwajiri kuchunga afya na usalama wa mufanyakazi kazini. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, juu ya ulinzi wa jamii, inahesabu magonjwa ya kazi pamoja na ajali za kazi. Maana yake, mapafu yaliyoharibiwa na kazi si bahati mbaya ya mutu; ni deni. Lakini deni linataka karatasi: tarehe ya kupimwa, radio, jina la kazi uliyofanya, miaka. Anayejitibu nyumbani na kitunguu mpaka anaacha kazi hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Hapo ndipo kitunguu kinakuwa rafiki wa mwajiri mubaya, bila kujua.

Kwa ndugu zetu wachimbaji wa mikono, wasio na mkataba, tunasema: mulowanishe jiwe mbele ya kulipiga kila mara maji yanapopatikana, musikae upande ule upepo unakopeleka vumbi, na kikohozi cha wiki 2 ni kwenu pia. Dawa za kifua kikuu haziulizi mkataba.

Mama, vumbi linakuja mpaka chunguni

Neno la mwisho ni kwa nyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi ndani ya mkojo, na watoto wanapita wakubwa. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba mboga zinazolimwa kwenye udongo huo na vumbi la nyumbani ni njia mbili za kobalti kuingia mwilini.

Kwa hiyo muoshe mboga za majani kwa maji mengi, mara mbili, tatu. Kitunguu, toeni ganda na mizizi yenye udongo, oshe mbele ya kukata. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Zilowanishwe kwanza, zioshwe mbali na nguo za watoto. Viatu vibaki nje. Sakafu ifagiliwe na maji yamenyunyizwa. Mutoto anawe mikono mbele ya kula. Ni yale yale tunayodai kule kazini: maji mbele, vumbi lisipande.

Basi, mununue kitunguu, chekundu kama mufuko unaruhusu. Mumenye kidogo, mukaange polepole, mupunguze chumvi, mukule na mchuzi. Na mwenye kifua kinachomusumbua, ampe mama nafasi ya kupika, yeye aende kupimwa. Delege wa sendika katika posti yako anaweza kukusindikiza. Ni kazi yake, mumutume.